Bunduki ya Mwalimu na Macho ya Ankoli

Anti Pillay alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimeinama juu ya mashine ya kukereza chuma, na nilijua kabla hajasema neno. Kwa miaka yote tuliyofahamiana alikuwa akipiga jioni, baada ya kuosha vyombo. "Ankoli wako ametutoka, Tatu," akasema, kisha akauliza, kana kwamba jambo la pili lina uzito uleule, "Umekula?" Nikamwambia nimekula, ingawa sikuwa nimekula. Nikazima mashine, nikawaaga mafundi wangu wawili, nikaendesha gari mpaka Isipingo. Viatu vilikuwa vimejaa barazani hadi kwenye ngazi. Ndani watu walikaa kwenye viti vya kukodi wakinywa chai ya maziwa, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake ya Ankoli: jinsi alivyofungua sefu ambayo ufunguo wake ulipotea, jinsi alivyoweza kutaja ugonjwa wa bunduki kwa kuisikiliza tu inavyofungwa. Bwana mmoja mwenye tai, mwindaji wa siku nyingi, akasimama na kusema, "Nilimletea bunduki zangu miaka thelathini. Hakukosea hata mara moja." Watu wakaitikia. Nikainua macho, nikakuta Anti ananitazama kutoka upande wa pili wa chumba, na ncha ya mdomo wake ikacheza kidogo. Sisi wawili tulijua. Kuna mwaka mmoja alikosea, na mwaka huo ndio ulionifanya niwe huyu niliye. Nauandika sasa kwa sababu nilimpenda Ankoli kwa lile kosa kuliko kwa yote aliyopatia.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuja Durban na cheti cha ukerezaji kutoka Morogoro, nikidhani cheti kitafungua milango, na kwa mwaka mzima hakikufungua hata dirisha. Nikawa natengeneza mikokoteni ya wapagazi pale sokoni Warwick: magurudumu, ekseli, vishikio, kwa tupa moja na nyundo ya kuazima. Anti alikuwa na mazoea ya kununua mboga soko la asubuhi, na siku moja gurudumu la mpagazi wake likatoka katikati ya barabara, viazi vikabingirika mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani. Nilikata kipande cha bati, nikatengeneza papo hapo bushi, kile kipete cha kukaza gurudumu kwenye ekseli, mkokoteni ukaenda. Anti alisimama na mwavuli wake akitazama mikono yangu mwanzo hadi mwisho. Wiki iliyofuata alirudi na mume wake. Ankoli aliuinua ule mkokoteni, akalizungusha gurudumu, akasikiliza. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Nani alikufundisha kuacha nafasi ndogo namna hii?" Nikamwambia nilifundishwa kuacha kubwa zaidi, ila wapagazi wanalalamika kelele. Akacheka. Jumatatu nilikuwa kwake.

Duka, kulekule Isipingo, lilikuwa na vyumba viwili. Mbele waliuza makufuli, sefu ndogo na kuchonga funguo. Nyuma, baada ya mlango wa chuma, ndiko Ankoli alikotengeneza bunduki za wawindaji na za wale wanaolenga shabaha kwa mchezo. Sheria ilikuwa wazi, naye aliishika kama sala. Leseni ilikuwa yake, ufunguo wa sefu ulikuwa shingoni mwake, na kila bunduki iliyoingia au kutoka aliiandika mwenyewe kwenye daftari kubwa jekundu. Mimi nilichonga vipande, mbele ya macho yake. Nilikipenda chumba kile. Kilinuka mafuta ya mashine na mbao za zamani, na saa sita kamili kilinuka chakula cha Anti, maana alileta mwenyewe mikebe mitatu iliyopangwa mmoja juu ya mwenzake: wali, dengu, na mchuzi wa samaki wenye ukwaju mkali uliokufanya ufumbe jicho moja. Ijumaa hawakula nyama wala samaki, kwa hiyo Ijumaa ilikuwa maharage ndani ya mkate uliochimbwa. Tulikula tukiwa tumesimama, mikate yetu juu ya gazeti, kwa sababu Ankoli aliamini kwamba fundi akikaa mchana hainuki tena.

Mwezi wa saba akaja mama mmoja wa Kizulu, mhadhiri wa chuo cha Westville, aliyevaa miwani na kusema kwa kituo. Jina lake Mama Dlamini. Alikuja na binti yake wa miaka kumi na tano, Nokuthula, pamoja na bunduki ndefu ndani ya mfuko wa turubai. Ilikuwa pointi tuu-tuu ya kizamani, ile ya risasi nyembamba kama penseli, na ilikuwa ya mume wake, mwalimu wa shule, aliyefariki miaka miwili kabla. Mama alikwishahangaikia karatasi zote ili iwe yake kihalali. Mwalimu ndiye aliyemfundisha binti kulenga shabaha, kwa bunduki hiyohiyo, na sasa binti alikuwa kwenye timu ya vijana ya klabu. Tatizo lilikuwa magazini, kile kisanduku kinachobeba risasi. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, midomo yake imelika, springi imechoka, na kiwanda kilichoitengeneza kiliacha zamani. "Watu wanatuambia tununue mpya," alisema Mama Dlamini. "Kibali kipya kitachukua miezi. Na yeye hataki mpya." Nokuthula hakumtazama mama yake. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kitako cha mbao, mahali palipong'aa kwa kuguswa na shavu la mtu mwingine.

Ankoli akaizungusha ile bunduki mikononi kama mtu anayemkagua mtoto mchanga. Akasema magazini za kisasa zinapatikana madukani kwa wingi, ila haziingii humu. Itabidi tuchimbe mahali pa kukalia, tuchonge kipande cha kati cha kuishika, na tubadilishe vipande viwili vitatu vya ndani vilivyolika. Kipande hicho tulikiita kiota. Nilikipima kwa siku tatu kabla ya kugusa chuma, kwa sababu risasi ya tuu-tuu ina tabia yake: baruti ya kuiwasha haiko katikati ya kitako cha ganda kama risasi kubwa, iko ndani ya ukingo, ule mdomo mwembamba unaozunguka. Ukingo ukibanwa vibaya, risasi haisubiri mtu. Kwa hiyo magazini haina budi kukaa palepale inapotakiwa, isiwe juu wala chini, hata kwa unene wa unywele. Nilichonga cha kwanza kwa alumini, tukakitupa. Cha pili kwa chuma. Mpaka leo, nikifumba macho, naweza kukiona kile kiota kikitoka kwenye mashine, kidogo kuliko kiberiti, na nilikuwa na haki ya kujivuna, maana kilikuwa kizuri.

Nyumbani kwangu kulikuwa chumba kimoja Albert Park, kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja mimi, upande wa pili Furaha, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akisuka nywele saluni. Furaha alipika sombe na makayabu, yaani kisamvu na samaki wa chumvi, kwa namna ambayo majirani waligonga mlango kuomba chumvi wasiyoihitaji. Nilimwambia nafanya kazi kwenye duka la makufuli, na hiyo ilikuwa kweli nusu. Jioni moja alisimama na mwiko mkononi, akanusa shati langu. "Tatu, hii mafuta iko ya nini? Usinidanganye. Mi naijua hii harufu. Kwetu walikuwa wanapita nayo mlangoni." Nikamweleza yote: wawindaji, michezo, leseni, binti mwenye bunduki ya baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka sahani yangu mezani kwa nguvu. "Kula. Lakini ile shati ilale nje." Kwa miezi minne shati langu lililala nje, kwenye kamba ya dirishani, na mimi na Furaha hatukulizungumza tena.

Mwezi wa nane nilisikia nisichotakiwa kusikia. Mlango wa chuma ni mzito lakini hauzibi sauti. Anti alikuwa amekuja kuchukua mikebe, nami nilikuwa nyuma nikifagia vumbi la chuma. "Daktari alisema mtoto wa jicho," Anti alisema. "Yote mawili. Alisema usiendelee na kazi ndogondogo." Ankoli akajibu kwamba daktari hajui kazi ndogondogo ni nini. "Mpaka Desemba," akasema. "Nimalize zilizomo ndani. Wakijua, nani ataniletea tena? Niwe muuza makufuli tu?" Halafu nikasikia Anti anaipanga mikebe, mmoja juu ya mwingine, polepole. Tangu siku hiyo nikaanza kuona niliyokuwa nikiyatazama bila kuyaona: taa mbili zinazowashwa mchana kweupe, vidole vinavyotafuta tupa mahali ambapo macho yangeiona, na jinsi alivyoniambia nimsomee vipimo "kwa sababu sauti yako ni nzuri." Niliendelea kumsomea vipimo kana kwamba sijui. Nilikuwa mgeni, kazi ile ilikuwa mkate wangu na karatasi zangu, na zaidi ya hayo nilimheshimu. Leo nikiwa na umri unaokaribia ule wake wa wakati huo, naona kwamba heshima ilikuwa jina zuri nililoipa hofu.

Kiota kilipokamilika, Ankoli akasema mkono wa mwisho ni wake. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mimi nachonga, yeye anamalizia. Akakibana kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akapiga tupa mahali pa ndoano inayoshika magazini, akapuliza vumbi, akapiga tena. Alhamisi akaipeleka bunduki kwenye uwanja wa shabaha, akafyatua risasi ishirini, zote zikatoka sawa. Akarudi anapiga mluzi. Nyingine kumi alikuwa amezipakia na kuzitoa bila kufyatua, kujaribu tu mwendo, naye akanipa nizirudishe kwenye boksi. Nilikuwa nazipanga nilipoona alama. Kwenye ukingo wa risasi ya tatu palikuwa na kovu dogo, kama lililong'atwa na panya. Risasi isiyofyatuliwa haitakiwi kuwa na alama yoyote. Nikazitazama zote chini ya taa: saba kati ya kumi zilikuwa nalo, mahali palepale. Magazini ilikuwa inakaa juu mno, na kila risasi ilipokuwa ikisukumwa ndani, ukingo wake ulibanwa na chuma kabla ya kufika mahali pake. Ishirini zilikuwa zimepita kwa bahati. "Ankoli," nikasema, "tazama hapa." Aliisogeza dirishani, akaigeuzageuza. "Imetoka hivyo kiwandani," akasema, na akaniwekea kiganjani. Alikuwa ameitazama upande usio na alama.

Ijumaa asubuhi Mama Dlamini na Nokuthula walikuja kuichukua. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Ankoli aliilaza bunduki juu ya kitambaa cha kijani, akaonyesha magazini mpya inavyoingia, klik, akasema maneno yake ya siku zote kuhusu kutunza mafuta. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chuma, risasi tatu mfukoni mwa aproni, na nilimwona yule binti akiinua bunduki, akilaza shavu lake palepale alipolaza baba yake. Shavu lilikuwa shubiri moja kutoka kwenye komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani.

"Samahani, Mama," nikasema. "Isiondoke leo."

"Tatu, rudi ndani," akasema Ankoli.

Nikamtazama. Macho yake yalielekea mahali sauti yangu ilipotoka, si mahali nilipokuwa. Nilikuwa na neno moja mdomoni, haoni, na neno hilo lingemaliza mambo yote kwa sekunde moja, pamoja na yeye. Nikalimeza. "Nimekosea kipimo," nikasema. "Kiota nimekichonga mimi. Magazini inakaa juu, inabana risasi. Inaweza kulipuka kabla haijafungiwa."

"Kulipuka wapi?" akauliza Mama Dlamini.

"Usoni."

Akamshika binti yake bega, akamvuta nyuma. "Mr Pillay, uliniambia umeijaribu."

"Niliijaribu."

"Basi msichana wako anasema nini?"

Vidole vya Ankoli vilitafuta ukingo wa kitambaa cha kijani. Nilisubiri aseme jambo lolote, hata nusu yake. Hatimaye akasema, "Fundi akisema amekosea, bunduki haitoki." Akaipokea bunduki kutoka kwa binti, akaifunika kwa kitambaa. Mama Dlamini akauliza mwanawe atashindana na nini kesho, na akauliza, bila kupandisha sauti, kama mtu wa namna yangu bado ataruhusiwa kugusa vitu vya watu. Ankoli akajibu, "Nitashughulika naye." Walipokuwa wanatoka, Nokuthula alirudi hatua moja, akanigusa mkono. "Ngiyabonga, sisi," akasema, asante, dada. Kisha Ankoli, bila kugeuka, akaniambia niende nyumbani.

Furaha alinikuta nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nilimsimulia, na naungama kwamba nilisimulia kama mtu anayesubiri kupongezwa. Nilikuwa nimeokoa uso wa mtoto, nimeokoa jina la mzee, na gharama yake nimeilipa mimi mwenyewe. Furaha alikuwa akichambua majani ya sombe kwenye sinia, na hakuacha kuchambua. "Alors, umesema uongo," akasema.

"Uongo mzuri, Furaha."

"Mzuri, ndiyo. Mais ni uongo. Ule mama sasa anajua nini? Anajua bunduki iliharibika ju Tatu ni mjinga. Na mzee yeye iko pale, hana macho, kesho anatengeneza ingine. Na keshokutwa ingine." Akanitazama. "Weye umefunga mlango moja, dada. Nyumba iko na milango mingi." Nikainama kuvua viatu. Yeye aliyeishi miaka akiogopa bunduki alikuwa ameona mara moja kile ambacho mimi, niliyekuwa nikizichonga kila siku, sikukiona. Jumamosi na Jumapili niliyaona makosa yangu kwa utaratibu, moja baada ya jingine, na Jumatatu nikavaa lile shati na kwenda Isipingo bila kujua kama bado nina kazi.

Ankoli alikuwa amekaa. Katika miezi yote ile sikuwahi kumwona amekaa mchana. Sikumsalimia vizuri, niliogopa kwamba salamu itanilegeza. Nikaweka zile risasi mbele yake. "Ankoli, usitazame," nikasema. "Gusa." Akaichukua ya kwanza, akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka ukingo, polepole, na ukucha ukakwama. Akaichukua ya pili. Ukakwama. Ya tatu hakuigusa.

"Kipimo chako kilikuwa sawa," akasema.

"Kilikuwa sawa."

"Ni tupa yangu."

"Ndiyo, Ankoli. Na nilijua tangu Alhamisi, na kuhusu macho nilijua tangu Agosti. Mlango wa chuma hauzibi sauti."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akavua miwani, akaifuta kwa shati, kitendo kisichokuwa na faida yoyote, akaivaa tena. "Ijumaa nilikuacha usimame peke yako," akasema. "Nilikuwa na sentensi nzima tayari kichwani. Haikutoka." Kisha akainuka, akavua ufunguo shingoni, akafungua sefu, akaniambia nifungue daftari jekundu nimsomee kila kazi aliyoimaliza tangu Pasaka. Zilikuwa tatu. Aliwapigia simu wenye bunduki hizo, mmoja baada ya mwingine, nikiwa nimesimama pale, na kila mmoja alimwambia kwa jina la kitu chenyewe: "Macho yangu yameharibika. Usiitumie. Ilete." Mbili tulizikuta salama. Ya tatu ilihitaji kurudiwa, na ikarudiwa. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kumwona mtu akijivua jina lake mwenyewe kwa sauti iliyotulia namna ile, na kila nikitaka kujua ujasiri unafananaje, naikumbuka ile simu ya mezani yenye waya uliojikunja.

Jioni hiyohiyo Anti alituendesha mpaka Westville. Nyumba ya Mama Dlamini ilikuwa nyuma ya miti mirefu, sebule imejaa vitabu mpaka sakafuni, na tuliwakuta wanataka kula. Akatukaribisha mezani kwa adabu ya baridi: mchuzi wa kuku, mkate wa mvuke ulionyanyuka kama mto wa kulalia. Nokuthula alikuwa ameshindana kwa bunduki ya kuazima na kushika nafasi ya tisa. Hakuna aliyekula kabla Ankoli hajasema, naye alisema mara tu alipokaa. Alisema ni tupa yake, ni macho yake, na kwamba Tatu alisimamisha kazi yenye kosa ambalo yeye mwenyewe alishindwa kuliona, kisha akamwacha abebe lawama.

"Ulinyamaza," akasema Mama Dlamini.

"Ndiyo."

"Mbele ya mtoto wangu."

"Ndiyo, Mama."

Akamwacha, akanigeukia mimi. Nilitegemea shukrani, kusema kweli. "Na wewe. Kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Niliogopa hutamwamini tena."

"Hilo lilikuwa langu kuamua," akasema. "Uso ni wa mwanangu. Hukuwa na haki ya kunichagulia niamini nini." Nikasema ni kweli, kwa kuwa ilikuwa kweli, na sentensi ile nimeiweka juu ya kila kazi niliyoifanya tangu siku hiyo. Baada ya hapo akamega mkate, akauweka kwanza kwenye sahani ya Ankoli, halafu kwenye yangu. "Haya. Nani atairudia?"

"Yeye," akasema Ankoli. "Mimi nitasikiliza."

Na kweli alisikiliza. Kwa wiki mbili alikaa kwenye kiti karibu na mashine, mikono juu ya magoti, nami nikachonga kiota kipya kutoka mwanzo mpaka mwisho bila mkono mwingine kukigusa. Alijua kwa sauti lini kisu kinakula sana. "Polepole," alisema, au, "Hapo chuma kimelalamika." Nikapaka wino wa kuonyesha panapobana, nikaingiza, nikatoa, nikasugua, nikaingiza. Magazini ilipokaa mahali pake mara ya mwisho, ilitoa sauti fupi na kavu, naye akasema kabla yangu, "Hiyo." Risasi thelathini zikapita ndani na kutoka, na nilizikagua zote kwa lenzi, kisha yeye akazipitia zote kwa ukucha. Halafu tukamwita fundi mwenzake mwenye leseni kutoka upande wa pili wa mji, akaikagua kwa macho mazima na kutia saini yake. Ankoli alifanyiwa upasuaji Desemba, akaona tena, akarudi kwenye makufuli, lakini bunduki hakuzichukua tena. Alisema amekwisha kuwaambia watu, na hawezi kwenda kuwaambia upya. Mwaka uliofuata alinipeleka mwenyewe kufanya mtihani wa ufundi, akaningoja nje na mikebe mitatu ya Anti. Furaha alikuwa amekwisha kuliruhusu shati langu kulala ndani, baada ya kulifua mwenyewe mara mbili. "Bado inanuka," aliniambia, "lakini sasa inanuka weye."

Lakini upasuaji ulikuwa bado mbele siku tulipoipeleka ile bunduki kwenye uwanja wa shabaha. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, joto limepanda tangu asubuhi, nyasi zimekatwa karibuni. Mkufunzi wa klabu alisimama nyuma yetu akisimamia kila kitu. Mama Dlamini aliikabidhi bunduki, akauliza nani anaanza. Nokuthula akanyoosha mkono, Ankoli akatikisa kichwa. "Aliyechonga," akasema. Nilikuwa sijawahi kufyatua risasi maishani mwangu. Nokuthula alinitandikia mkeka, akanionyesha mahali pa kuweka kiwiko, mahali pa kuweka bega, na mahali pa kuweka shavu. Mbao ilikuwa laini na vuguvugu kwa jua. Nikasukuma komeo, nikasikia risasi ikipanda na kuingia bila kugusa kitu, nami nikaamini kazi yangu mwenyewe kwa namna pekee ambayo fundi anaweza kuiamini. Nikafyatua kumi.

"Zimefika?" akauliza Ankoli.

Sikuutazama ubao. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka nikiokota maganda, nikiyageuza moja moja kwenye mwanga. "Zote safi, Ankoli. Hakuna hata moja iliyobanwa."

Nokuthula alikuwa kwenye darubini. "Dada Tatu," akasema taratibu, akijitahidi asicheke, "ubao wako hauna tundu hata moja. Ulifumba macho?"

"Nilifumba," nikasema, na Mama Dlamini akacheka mpaka akavua miwani, na Ankoli akacheka, na mkufunzi akageuka upande mwingine kwa heshima.

Kisha Nokuthula akalala kwenye mkeka. Alipumua mara mbili. Akafyatua, akavuta komeo, akafyatua tena, kwa mwendo usio na haraka wala kusita, na Ankoli alikuwa amegeuza sikio upande wake, kichwa kimeinama kidogo, akifuata kila kipande cha chuma kinavyokwenda na kurudi. Ya nne ilipotoka, akanitafuta kwa mkono, akashika ukosi wa shati langu. "Bunduki ni nzima," akasema. "Hiyo nimeisikia mwenyewe. Lakini mtoto je? Niambie mtoto anafanyaje."

Nikainama kwenye darubini, nikasawazisha jicho mpaka ubao ukatulia, na nikaanza kumsomea. "Ya kwanza katikati, Ankoli. Ya pili katikati, imegusa ya kwanza. Ya tatu, kushoto kidogo. Ya nne, amerudi katikati."